Ngazi ya Mjane

Tarehe 2 Mei

Kwako mwanangu,

U hali gani, mama? Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila ulimi haujapata ugonjwa wowote. Ungependa nikupigie, najua, lakini simu ni ya watu wenye haraka. Maoni yangu yanataka karatasi.

Mwezi huu nimeona michezo mitatu. Wa kwanza, wa mfalme aliyepinduliwa. Mfalme anaongea vizuri, mpaka akae. Kiti chake cha enzi ni makreti ya soda yaliyofunikwa kitambaa, na kila akigeuka nayasikia. Nani ahangaike kumpindua mtu anayekalia makreti? Wa pili ni ule wa zamani wa kuchekesha, wa mabwana wawili na mchumba mmoja. Wameufufua, wakawapa simu za mkononi. Sasa mchumba angepiga simu moja tu, sote tungerudi nyumbani mapema. Mfu ukimfufua, mwache na viungo vyake. Nilimweleza mkata tiketi, akanionyesha sanduku la maoni. Halina hata kufuli.

Wa tatu ni wenu, wa mjane. Mama, wewe ni mwigizaji, na sisemi hivyo kwa sababu nimekuzaa, maana kaka yako nimemzaa na hajui kuimba hata bafuni. Mchezo huu ulipochezwa miaka ishirini iliyopita, mjane niliyemwona na mama yako alilia kama mtu anayekata vitunguu. Wewe hukulia. Shemeji zako wamesimama chini wanataka nyumba ya marehemu, wewe ukapanda ngazi mpaka juu ukawaambia hushuki. Ukumbi mzima ukainua shingo.

Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa naangalia ngazi. Inayumba. Nguzo ya kushoto inahama kwa upana wa kidole, na ule mlio wa mbao inayotaka kuvunjika naujua kama ninavyojua kikohozi changu. Miaka thelathini na nne najenga ngazi, mpaka za mabalozi, na hajaanguka hata mlevi. Mwambie mwongozaji wenu aikaze kabla hujapanda tena. Mita nne si mchezo.

Baba yako


Tarehe 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya goti. Mimi mzima, ila mazoezi yanatumaliza.

Wenzangu niliwasomea ile ya makreti, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kuhusu ngazi, niko salama. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Kuna mambo ya kazi tumeapa yasitoke nyuma ya pazia. Niamini tu. Hata katika mchezo wetu wa mwaka jana uliapa kwamba meza ya hakimu itavunjika, na ilidumu miezi mitatu.

Baba, tarehe 30 wanakuja wakubwa wa kundi la maigizo linalozunguka nchi za watu. Wanatafuta mwigizaji mmoja wa kike, mkataba wa miaka miwili. Wanakuja kuniangalia mimi. Miaka saba nimecheza wajakazi na majirani, sijawahi kupata siku kama hiyo. Tafadhali usimwandikie mwongozaji.

Mwanao


Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, juu ya miguu yako miwili.

Mwongozaji nimeshamwandikia. Barua yako ilichelewa, au mimi niliwahi, yote sawa. Alinijibu mstari mmoja, kwamba kila fundi na karakana yake. Kijana yule hajawahi hata kupigilia msumari, anazungumzia mafundi.

Unanikumbusha meza ya hakimu. Meza ya hakimu haikupandwa na mwanangu.

Usingizi sina. Mama yako anasema nazeeka vibaya. Labda. Tarehe 30 nitakuwepo.

Baba yako


Tarehe 19 Mei

Baba,

Shikamoo. Sina haja ya kuuliza hali, maana naiona.

Kuja, njoo. Tiketi yako ipo mlangoni, safu ya pili. Lakini njoo kama mtazamaji. Usizungumze na mwongozaji, usiguse kitu. Uone chochote utakachoona, ukae. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu nihame nyumbani. Nakuomba hiki.

Mwanao


Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Sijui nikusalimie vipi. Nakusalimia tu.

Nataka uisikie kwangu, ingawa ulikuwepo. Nilikuja na nia ya kukaa, mama yako shahidi. Niliikalia hata mikono yangu. Lakini ulipofika juu, ile nguzo ikahama, na safari hii nikaona vumbi la mbao linadondoka. Mwanamke wa pembeni yangu akaziba macho. Kumbe tayari nimesimama. Kumbe tayari niko jukwaani, nimewapita shemeji zako, nikakwambia, "Shuka, mama."

Ukanitazama. Ulisema polepole, wala si kwa sauti ya mjane, "Baba, kaa."

Mimi nikapanda. Kilo mia na tatu, nikafika ngazi ya saba nikaruka, ili wote waone. Nikaruka tena. Ikayumba, ikalia, haikuvunjika. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka.

Mama mmoja akatoka nyuma ya pazia, kumbe ndiye fundi aliyeijenga. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinifunulia nguzo, ndani bomba la chuma. Alinionyesha kamba anayoivuta mtu ili iyumbe, na kifuko cha vumbi la mbao. Akasema, "Mzee, hii imejengwa itishe. Ingebeba gari."

Mimi, fundi, nimedanganywa na ngazi. Nimeona michezo zaidi ya mia mbili nikihesabu misumari, na huu mmoja nikauamini. Ungekuwa wa mtoto wa mtu mwingine ningekaa, ningesifu.

Niliwaona wageni wako wanachukua mikoba yao.

Nisamehe.

Baba yako


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Simu hupokei. Mama yako anaongea nami mambo ya chumvi tu, imeisha au haijaisha. Michezo siendi. Sina maoni.

Andika hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Baba yako


Tarehe 12 Julai

Baba,

Shikamoo.

Mkataba alipewa mwingine, anayecheza mjakazi wangu. Anastahili, lakini nililia siku tatu.

Habari zako zilienea mji mzima. Watu wakaanza kuja kuitazama ngazi, si mjane. Nikifika juu, mtu anapiga kelele kutoka viti vya nyuma, "Shuka, mama," na ukumbi unaangua kicheko. Kitisho kikishajulikana siri yake, kimekufa. Mwongozaji akaing'oa ngazi, akataka kunitoa na mimi pia. Aliyenitetea ni yule mama aliyeijenga. Alisema katika miaka yake yote wewe ndiye mtu pekee aliyeisifu kazi yake kwa miguu.

Sasa nasimama sakafuni. Shemeji wananizunguka na mimi sina pa kupanda. Ni vigumu zaidi. Sina cha kuwatisha watu isipokuwa mimi.

Sijakusamehe yote, baba. Bado. Mwongozaji alikupiga marufuku mpaka mimi niseme, na leo nimesema. Jumamosi ijayo, saa nane mchana, njoo na mama. Ukisimama tena, hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako.

Mwanao


Tarehe 20 Julai

Mwanangu,

U mzima? Najua u mzima, nilikuona jana, lakini adabu ni adabu.

Maoni yangu ni haya. Shemeji mkubwa anapiga kelele mno, na mlango unafungukia upande usiofaa. Hayo madogo.

Walipokuzunguka, nilitafuta kitu kinachoyumba. Hakuna. Sakafu imara, mbao haikulia, hakuna cha kukaza. Ukasema hutoki kwenye nyumba uliyoijenga kwa mikono yako, na sauti yako ikakatika katikati. Sikujua kama imekatika ya mjane au yako. Niliogopa, mama, kuliko siku ile ya ngazi. Miguu ilitaka kwenda yenyewe. Nilishika kiti kwa mikono yote miwili, na mama yako hakuwa na kazi ya kunishika.

Nilikaa. Nilikaa mpaka pazia likafungwa. Na ukumbi mzima uliposimama kukupigia makofi, mtu mmoja tu alibaki kwenye kiti chake. Kama ulimtafuta hukumwona, alikuwa nyuma ya migongo ya watu, amekaa.

Baba yako