Waya Nyekundu za Baba Kulwa

Baba Kulwa, shikamoo.

Najua hakuna wa kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi haingii nyumba ya mtu bila kusalimu, hata akiwa amekasirika. Nami nimekasirika kweli.

Tangu tukuzike, nyumba zote ulizofunga umeme hapa mgodini Geita wananiita mimi. Juzi karani kanunua redio, akataka betri yake niiunge na umeme wa nyumba ijae. Nikapanda darini, nyekundu nikaipeleka kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, nikaipitishia taa kupunguza nguvu ya umeme, kama ulivyonifunza. Asubuhi tukaikuta betri imevimba, tindikali imetoboa zulia la watu.

Nikafungua dari za nyumba nyingine tatu. Sasa huu ufundi gani, Baba Kulwa? Hapa nyekundu ni chanya, pale nyekundu ni hasi. Taa haijali, inawaka tu, ndiyo maana miaka yote hakuna aliyejua. Lakini umeme wa dainamo yetu unakwenda upande mmoja, na betri ikiungwa kinyume imekufa.

Nikaenda kumlalamikia Mama Kulwa. Akacheka mpaka akalia. "Kwani hukujua? Mwenzangu nyekundu hakuiona. Aliniletea kanga ya kijani, akaapa ni nyekundu."

Nikakaa chini. Ndipo nikaelewa kile kikombe cha maji ya chumvi ulichokuwa ukipanda nacho darini. Kila nyumba ulinituma nje nikashike ngazi, ukabaki peke yako unachovya ncha za waya. Inayotoa mapovu mengi ndiyo hasi, unaifunga uzi. Nyuzi nimeziona darini, zote ziko kwenye hasi, hukukosea hata nyumba moja. Mimi nilidhani ni dawa ya kwenu Bulyanhulu, nikanyamaza kwa adabu. Miaka sita nanyamazia chumvi, jamani.

Jana Bwana Mkubwa wa mitambo aliuliza nani alifunga umeme kwa karani. Angejua ni wewe, angeng'oa kazi yako yote na kukusema mbele ya watu, wanao wanasikia. Nikasema ni mimi. Akaninyang'anya ufundi papo hapo. Jumatatu nashuka shimoni kusukuma vigari vya mawe.

Sitamwambia mtu. Kila Jumapili nitapanda dari moja, nipange rangi upya, hadi nyumba ziishe. Wabeja, asante kwa yote, mwalimu wangu, pumzika. Ila ungeniambia tu. Rangi ningekusomea mimi.