Mwanabaraka, Mbwa wa Bibi Assunta Anaondoka Jumamosi

Mwaka unakaribia kutimia, Mwanabaraka, tangu asubuhi ile ulipotoka kwenda kazini, ukafika kituo cha basi pale Wembley, na usifike mbali zaidi ya hapo. Mshipa wa kichwa ulipasuka, walisema. Mie nilikuwa depo nafagia mabasi. Niliitwa kwenye simu na mikono imejaa sabuni.

Unajua skuli niliishia darasa la nne, kwa hivyo mie nasema, na binti yetu Time anachapa. Nimemwambia asiyanyooshe maneno yangu. Ni tangazo la kumbukumbu yako, wengine wakisoma na wasome, lakini nasema na wewe.

Ulikuwa na huruma mpaka ikawa kero. Miaka minne ulimhudumia Bibi Assunta, yule Mtaliana mzee wa mtaa wa nyuma. Ulimkogesha, ukamsuka nywele, ukampikia uji wa mchele kwa nazi akaupenda kuliko tambi za kwao. Wakubwa wako wa kazi walitoa nusu saa kwa kila mgonjwa. Wewe ukikaa saa nzima. Walipokuuliza, uliwajibu kuwa nusu ya pili ni yako si yao, na mtu hapangiwi pa kukaa na saa yake.

Na kulikuwa na Brichola. Bibi Assunta alisema jina hilo maana yake ni chembe ya mkate. Jibwa lenyewe kubwa kama mbuzi wa Iddi, pua bapa, mate yananing'inia. Wewe hukumwogopa. Ukirudi tu, kabla hujavua viatu, unakwenda roshanini kwenye ile ndoo yako ya udongo, unatwaharisha mikono na nguo mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kuondoa najisi ya mbwa kwenye chuo cha Kurani Pemba. Majirani walidhani unapanda maua. Nilikwambia, "Siku moja utachoka." Ukanijibu, "Mbona wewe hukuchoka kunilalamikia?"

Kisha mwanawe Bibi Assunta akaja kumchukua mama yake kumrudisha Italia, karibu na Bergamo. Mama aliingia kwenye ndege, mbwa akakataliwa. Walisema mbwa wa pua fupi hukosa pumzi huko juu. Bibi Assunta alilia kwa sauti, mtu wa miaka themanini na sita, akakushika mtandio. Nawe ukamwambia, mbele yangu, bila kuniuliza, "Mama, nitakuletea mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa gari."

Basi hapo ndipo safari ilipoanza, na hatujaondoka mpaka leo.

Mbwa aliwekwa uani kwa Mohinder, yule Singasinga wa Kisumu wa chini yetu, maana mie nilisema ndani kwangu haingii. Ramani ikatandazwa juu ya meza yetu ya kulia. Bado nakuoneni, wewe na miwani yako, Mohinder na kalamu nyekundu.

"Folkston tunaingiza gari kwenye treni ya chini ya bahari," ulisema. "Nusu saa na kidogo, tuko Ufaransa."

"Na mbwa?" nikauliza.

"Ndani ya gari, na sie."

"Sie na nani? Mie simo."

"Ataendesha nani, Baba Time? Brichola?"

Mohinder alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Bwana Msabaha, huyu mbwa miaka yote hajakubwekea hata mara moja. Wewe ndiye unayembwekea yeye."

Ndiye aliyetwambia tusipite Uswisi, wale hawamo kwenye umoja na watatuongezea maswali ya karatasi. Tushuke Reims, tulale Dijon kwenye hoteli inayopokea mbwa, kisha tuingie njia ya chini ya mlima wa Mont Blanc, ukitokeza upande wa pili ndiyo Italia. Uliyaandika yote kwenye daftari. Humo daftarini kila saa mbili ulisimamisha gari: mbwa maji, mbwa kukojoa, sisi kuswali.

"Umeitia sala yangu kwenye ratiba ya mbwa?"

"Yeye ndiye atakayekumbuka kusimama. Wewe ukishika usukani husimami."

Ulinijua. Mie nimeendesha lori la karafuu Pemba miaka kumi na moja, na kusimama sikuwahi kupenda. Huku wakubwa waliitazama leseni yangu ya kwetu wakanipa ufagio, wakaniruhusu gari dogo la nyumbani tu. Wakubwa wa kwetu ndio walotukimbiza, wa huku wakatuweka foleni. Sijaona mkubwa aliyenifaa mie, wa huko wala wa huku.

Karatasi za mbwa zilitoka upesi. Alichomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, tukaambiwa tungoje siku ishirini na moja, akapewa kitabu chake cha buluu chenye picha. Ulimi nje, jicho moja limefumba, wakampitisha. Paspoti yangu ilitoka kwa wiki tatu. Ombi lako likarudishwa. Ati picha haifai, kivuli cha mtandio kimeziba shavu. Tuma, waliandika, picha nyengine pamoja na barua hii, ndani ya siku kadhaa, tukikosa jibu ombi linafungwa.

Ulikwenda kupiga nyengine. Fotografa alikuwekea taa pande mbili, ukarudi unacheka kuwa umeonekana kama umeshtakiwa. Ukatia picha na barua ndani ya bahasha, ukaifunga kwa mate, ukanipa. "Baba Time, unapita posta. Usisahau."

Ukaingoja paspoti. Sote tuliingoja. Kila barua ikianguka mlangoni ulikuwa wa kwanza kuinama. Huko Bergamo Bibi Assunta alipewa simu kila Ijumaa, anauliza, unamwambia, "Karibu tunakuja, Mama, karibu." Baada ya miezi mitatu ikaja barua kuwa hukujibu, ombi limefungwa, anza upya. Ukakaa juu ya kiti cha jikoni, ukasema tu, "Lakini tulituma."

Nami nilisimama katikati ya jiko nikawatukana. Mohinder alisikia chini. Nilisema wamepoteza, nilisema hawa watu hawaoni haya, nilisema mbwa anathaminiwa kuliko mtu. Ulinituliza wewe. Ukasema, "Acha, wamechoka na wao, tutajaza tena." Ulijaza tena. Ukampeleka Brichola kuchomwa tena, ya kwanza isije ikapita muda. Wiki moja baadaye ukatoka kwenda kituo cha basi.

Mwaka mzima nimewataja hao wakubwa kila anapokuja mtu kunipa pole. Mazishini niliwataja. Siku ya arubaini niliwataja. Watu wakatikisa vichwa wakasema kweli.

Hapa Time ameacha kuchapa ananitazama. Nimemwambia aandike.

Ile bahasha sikuitia posta, Mwanabaraka. Siku ile nilipita uani kwa Mohinder kumrejeshea spana yake. Brichola akaniruka, akaniramba kifua chote, koti zima likarowa mate. Nilipanda juu nimepandwa na hasira, nikalitia koti kwenye beseni, nikachota udongo kwenye ndoo yako nikalisugua, nikalisuuza, mara saba, na kila mara nakulaani wewe na huruma yako. Mifuko sikuipapasa. Nilipolikamua ndipo nikaona vipande vyeupe. Picha zako mbili zilikuwa zimebanduka uso. Barua imekuwa kama uji.

Nikazitupa kwenye pipa la nje. Nilitaka kukwambia uliporudi. Ukauliza ukiwa mlangoni, "Umeipeleka?" Nikasema, "Nimeipeleka."

Nilidhani wataandika tena, nitasingizia posta, utatuma nyengine. Kila siku niliyongoja ikawa vigumu zaidi. Ulipokaa juu ya kile kiti ukasema "Lakini tulituma," neno lilinifika ulimini. Nikalimeza nikatukana wakubwa badala yake. Na wewe ukanihurumia mie.

Time ameniuliza, "Baba, hii kweli?"

"Kweli."

"Mama alijua?"

"Hakujua."

Kaka yake Abdulsamad alikuwa mlangoni, akasema kitu kwa Kiingereza, haraka haraka, ambacho mie sikukishika. Time naye akamjibu kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia. "Unataka niifute hii, Baba? Watu watasoma."

"Iache."

Bado nawalaumu, nisikufiche. Kivuli cha mtandio, jamani! Miaka saba unawakogesha wazee wao, hawakujui uso? Lakini miezi mitatu ile si yao, ni yangu. Ungekuwa umekwenda, umerudi, umemwona akimkumbatia mbwa wake. Pengine kituo cha basi kingekukuta pale pale. Pengine. Lakini ungekuwa umetimiza.

Paspoti yako ilikuja siku mbili baada ya arubaini. Picha nzuri, shavu linaonekana lote. Nikaifungia kabatini, na mbwa nikamwacha kwa Mohinder, nikipita uani nageuza uso. Wakubwa wameandika wanaitaka irudishwe, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Wangoje. Wakingoja kidogo hawatakufa.

Jumatatu hii mwanawe Bibi Assunta kapiga simu. Mama yake hali chakula tena. Mlango ukifunguliwa anainua kichwa anauliza kama ni Brichola. Madaktari wamempa wiki mbili, pengine zisifike. Nikatazama kitabu cha mbwa. Ile sindano uliyompeleka mwenyewe inamaliza mwaka Jumanne ijayo. Ikipita, achomwe upya, angoje siku ishirini na moja, na siku ishirini na moja Bibi Assunta hana.

Basi tunaondoka Jumamosi alfajiri. Nimetia taa za mbele vile vibandiko ili nisiwapige macho Wafaransa. Nimenunua kifunga mdomo cha mbwa, Mohinder kasema Italia wanakitaka. Kila nikifumba macho njia naiona, lakini nasema kweli, nina hofu. Sijaendesha upande wa kulia maisha yangu. Mbwa ana miaka kumi na tatu na miguu ya nyuma imekwisha, hapandi gari mwenyewe. Lazima abebwe. Mohinder ana mgongo unaomuuma, haji na sisi. Kwa hivyo kila saa mbili, kama ulivyoandika, nitambeba mie.

Jana nimejaribu. Mohinder kashika mlango wa gari, mie nimeinama nikamnyanyua. Mzito, ana joto, moyo unampiga mbio kuliko wangu. Hakuniramba. Aliweka kidevu begani kwangu akatulia, nami sikujua nitazame wapi.

"Ona," Mohinder akasema, "anakujua siku zote."

"Nyamaza, fungua mlango."

Abdulsamad mpaka leo hajasema na mie, tangu siku ile ya mlangoni. Ana haki yake. Time siku mbili alikuja, akatia chai, akaondoka bila kuchapa, leo ndiyo tumeendelea. Leo asubuhi nilikwenda kufungua buti nipange maji ya mbwa. Nikaikuta humo ndoo yako ya udongo, imefunikwa kwa mfuko, imefungwa kamba ili isimwagike, na daftari lako juu yake. Nilipanda juu nikamkuta Time kavaa viatu kama kwamba safari ni leo.

"Nitakaa mbele nisome njia," akasema. "Wewe ukishika usukani husimami."

Neno hilo alilisema kwa sauti yako.

Paspoti yako nimeitoa kabatini. Inakwenda na sisi, mfukoni mwa shati, ndani ya nailoni. Folkston wakitaka za watu nitatoa mbili, wakitaka ya mbwa nitatoa ya mbwa, na yako itabaki kifuani. Tukitokeza upande wa pili wa mlima nitaifungua kidogo, uone. Kisha nitawarejeshea yao.

Na nikimaliza kumbeba Brichola nikalivua koti, Mwanabaraka, kabla sijagusa maji nitapapasa mifuko.

Tunaokukumbuka: mimi mumeo Msabaha, wanao Time na Abdulsamad, mdogo wako Mbarouk na jamaa wote wa Chake Chake, jirani yako Mohinder na watu wa nyumbani kwake, na Bibi Assunta, Mwenyezi Mungu amweke mpaka Jumapili jioni.

Mola akurehemu. Nawe unisamehe. Hatutakusahau, nyumbani wala njiani.