Enyomba ya Mama Kwamboka

Jumanne, 5 Februari 1974
Sindano thelathini kabla ya chai. Mkono unauma. Hapa mjini Kisii mwenye nyumba ameongeza kodi tena, chumba kimoja, choo cha watu kumi na wawili. Nina miaka thelathini na tisa na bado napanga foleni ya choo. Nimechoka. Nataka pangu, basi.

Jumapili, 10 Februari
Dalali amenionyesha nyumba karibu na soko. Vyumba viwili, simenti, hati safi. Anaongea kama redio. Kamisheni yake haina haya.
Alasiri nikaenda Mosocho kwa Mama Kwamboka, yule mjane niliyemuuguza kidonda mwaka jana. Uani kwake kuna nyumba ya pili, ya mabati, haijawahi kukaliwa. Migomba mpaka dirishani. Nikamwambia nataka kuinunua. Akanishika mkono.
"Sista, hapana nunua. Mimi napatia wewe enyomba."
Kigusii changu kinatosha kumuuliza mgonjwa panapouma, lakini enyomba nalijua. Nyumba. Nilidhani ni adabu ya kuanza mapatano.

Alhamisi, 21 Februari
Nimekwenda mara tatu. Nikiuliza bei, ananijazia sahani. Ameuliza jina la baba, kijiji chetu kule Rabai, pwani, kaka zangu wangapi. Nimemwandikia yote. Bodi ya ardhi inataka mambo mengi, nikajua anatayarisha karatasi za kuniuzia. Kisha akauliza kama baba anapenda ng'ombe. Nikasema sana.
Madirisha nimeshayapima mapazia.
Dalali kaja kliniki. Nikamwambia nanunua kwa mtu ninayemjua. "Unamjua kiasi gani, Sista?" Nimemfukuza.

Jumatano, 6 Machi
Nimeumbuka.
Nilimsimulia Ombati, dresa wetu wa kufunga vidonda kliniki, ambaye ni wa hukuhuku. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Enyomba si mabati tu, akasema. Ni mama na watoto wake na watakaozaliwa baada yao. Mama Kwamboka ana mabinti wawili, wote wameolewa. Hana mwana wa kiume. Mwanamke wa hivyo huku anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta mke, na watoto wa huyo mke wanakuwa wa nyumba yake.
Haniuzii. Ananiposa!
Nimekasirika kutwa. Mimi Mkristo, naye Msabato asiyekosa kanisa. Kufika jioni hasira sikuiona. Tangu niachwe hakuna aliyetaka kunitolea hata kuku.

Alhamisi, 7 Machi
Nataka. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.
Si mambo ya ndoa. Nataka kuitwa kutoka jikoni kwa Mama Kwamboka nikale. Nataka nikichelewa kazini mtu anune. Nimeishi huku miaka sita na kila mtu ananiita Sista, na hakuna ninayemhusu.
Lakini niliachwa kwa nini? Miaka tisa ya ndoa, hakuna mimba hata moja. Nimezalisha nusu ya wanawake wa Marani.
Naweza kunyamaza. Hajui. Aone mwenyewe baada ya miaka mitatu, minne.
Siwezi.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwambia. Kwa Kiswahili chepesi, asije akakosea: Mama, mimi sizai.
Alikuwa anamenya ndizi. Akamaliza aliyoishika. Akanawa mikono, akakaa karibu yangu, akanipapasa mgongo. Huruma ya kweli, sina la kumlaumu.
Kisha akataja bei.

Jumatatu, 11 Machi
Bei nzuri. Chini sana ya ile ya dalali. Mwezi mzima nimeiomba, na ilipotoka mdomoni mwake nililia mbele yake. Akadhani imenishinda, akapunguza.
Leo nimetuma salamu kwamba sitanunua. Siwezi kuishi hatua kumi kutoka kwake kama mteja.

Jumatatu, 1 Aprili
Nimehamia nyumba ya sokoni. Haina tatizo. Maji yapo, kitasa ni kipya, bodi haikuchukua muda. Dalali nimempa kamisheni bila kubishana, hata yeye alishangaa.
Mchana nilirudi na kapu la viazi. Nikafika mlangoni pangu, nikapiga hodi. Nikasimama hapo kidogo. Kisha nikatafuta ufunguo.