Nyota ya, Nyota za

Masanja, rafiki yangu,

Bado nakuita hivyo. Ulimi haujazoea jina jingine.

Tangu tukuzike, kundi letu la muziki, Nyota ya Kalangalala, tumebaki watu wanne. Lile jina tulilichagua mimi na wewe pale Isaka, tumekalia spika iliyoungua, tunasubiri lori la kuturudisha Geita. Ulisema, "Kabula, nyota moja inatosha. Tutaing'arisha wawili."

Mwezi uliopita tuliitwa Kahama, Mama Neema anamuaga binti yake anayeolewa. Tunashusha ngoma getini, tukasikia wimbo wangu unaimbwa ndani, ule niliomtungia mama yangu. Bango jukwaani limeandikwa Nyota za Kalangalala. Herufi moja tu! Mama Neema akatoka ameshika kichwa: "Jamani, na nyie ni akina nani tena?" Yeye aliongea na mimi, shemeji yake akaongea na wao, kila mmoja akidhani ni kundi lile lile.

Aliyeshika maiki alikuwa Shija, mdogo wako. Shija, niliyemfundisha mimi kuitikia.

Walipotoka kwenda kula nikamwita Shija mwizi mbele ya watu. Hakukasirika. Alinivuta pembeni akasema taratibu, "Dada, jina alinipa kaka mwenyewe." Akanipa karatasi.

Naujua mwandiko wako, Masanja. "Weka za, usiweke ya. Nyimbo zote chukua. Kabula ni mwanamke, hataweza kuongoza kundi."

Shija anasema ulimpa ukiwa wodini. Wodini! Wiki zile nilizokuwa nakuletea uji. Ulikuwa unakunywa, unanitazama usoni, unaniambia, "Kundi ni lako sasa." Kwa nini hukuniambia? Ningelia. Ningekutukana. Na kesho yake ningekuja tena na uji.

Mama Neema alikataa turudi hivi hivi, akatupandisha jukwaani baada yao. Nilishika maiki, nikasema, "Mimi ni Kabula, na hawa ni wenzangu." Nikauimba wimbo wangu, nikaongeza ubeti wa Kisukuma ambao sikuwahi kumfundisha mtu, hata wewe. Akina mama waliacha sahani wakasimama, mmoja akaanza kulia. Shija alikuwa mlangoni. Hakuweza kunitazama.

Sasa bango letu linasomeka Kabula na Wenzake. Wiki hii tumeitwa mara mbili, na waliotuita wamenitaja kwa jina langu. Nyota nimemwachia mdogo wako, iwe moja, ziwe nyingi, mimi simo.

Mama yako naendelea kumwamkia kila nikipita. Hajui lolote kuhusu ile karatasi, na kwangu hatalisikia.

Haya, pumzika. Mvua zikikaribia nitakuja kupalilia kaburi lako, kama nilivyomwahidi mama yako. Nitakuja kila mwaka, Masanja, nikiwa hai. Ila usitegemee nikuimbie. Nitakuja na jembe tu.

Kabula