Kona Iliyoinama

Jumatano, 1957

Kwa nini mwalimu wa uashi alinichagua mimi niwe kiongozi wa kikosi? Sauti yangu haifiki hata dawati la pili.

Jioni, upepo wa vumbi ulipotulia, nilishusha tena timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, kwenye kona ya darasa tunalojenga. Ukuta umeinama. Mchana nilipima huku kamba ikiyumba kwa upepo, nikaona haya kuwaambia wenzangu wangoje utulie.

Kiprono, mkubwa wetu kwa umri, alichungulia, akaniita kwa jina lao la kunitania. "Bwana Kitabu, huu ukuta wako umeona ziwa kule chini, unataka kuinama unywe maji?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, badala ya kusema tubomoe.

Kesho tunapandisha mawe mengine juu yake. Halafu watoto watakaa chini yake wakisoma. Lazima niseme tubomoe kabla ya kengele ya asubuhi, hata kwa sauti hii ndogo.

Saruji inakauka hivi ninavyoandika.