Mwanamke wa Vichwa Tisa

Alhamisi, Durban. Joto la Februari limekaa juu ya Albert Park tangu asubuhi na blauzi imenigandia mgongoni. Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, maana nikilala nayo itaamka mpole, na mimi leo upole siutaki.

Kama unapita hapa kwa mara ya kwanza, karibu. Mimi ni mbunifu wa mavazi na mchoraji wa mitindo. Nilizaliwa Tanga, mama Mbondei, baba Mdenmark aliyekuja kufundisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa akaondoka na familia. Pasipoti yangu ni ya Denmark, na karibu kazi yangu yote nimeifanyia Kopenhagen, mpaka nilipokuja huku kufundisha kwa muda nikakataa kurudi. Sasa nina karakana ndogo chini ya ghorofa, na fundi mmoja, Jospin wa Uvira, Kongo, ambaye simbadilishi na fundi yeyote wa Ulaya.

Kopenhagen nilibuni makoti. Makoti ya mvua, ya theluji, ya wanawake wanaopanda baiskeli na viatu vya kisigino. Nilichorea pia magazeti. Na tangu siku ya kwanza chuoni tulifundishwa kwamba mwanamke wa mchoro wa mitindo ana urefu wa vichwa tisa, yaani ukikipanga kichwa chake kutoka utosini hadi unyayoni kiingie mara tisa. Binadamu wa kawaida hafiki hata nane. Basi tukamvuta miguu, tukamvuta na shingo, nguo ikaning'inia vizuri.

Mwanamke huyo nimemchora nusu ya umri wangu. Amenilisha, amenivika, amenipa jina. Simtukani. Ila sijawahi kukutana naye mahali popote, na sidhani kama angeweza kukaa kwenye kiti.

Halafu kampuni niliyoichorea ikapata mashine inayomchora haraka kuliko mimi, nikapewa maua na kuambiwa asante.

Huku Durban mkono wangu umebadilika, tena si kwa falsafa yoyote. Ni kwa sababu ya Jospin. Yeye hakati kwa patani, vile vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo. Kifua, kiuno na nyonga anapima kwa futi kama fundi mwingine, lakini urefu anausoma kwenye mchoro wangu. Anapima kichwa cha mteja, anahesabu kwenye mchoro ni vichwa vingapi hadi kiunoni, vingapi hadi gotini, kisha anashika chaki na kukata. Alifundishwa hivyo na mjomba wake na hajawahi kuona sababu ya kuacha. Kwa hiyo ilinibidi nichore kweli. Mteja anasimama mbele yangu, namchora alivyo, na ufupi wake na makalio yake. Michoro hiyo nikawa naiweka kwenye blogu hii kwa ruhusa yao. Wanapenda kujiona.

Lene naye akaiona. Lene ndiye mkuu wa mavazi ya wanawake kwenye kampuni ile ile iliyonipa maua. Aliniandikia mwezi uliopita kwamba wanataka mkusanyo mzima wa magauni yangu ya Durban, michoro ikiwa imetundikwa kwenye madirisha ya maduka yao, na jina langu shingoni mwa kila gauni. Jina langu. Niliposoma nilikaa chini. Sitajifanya sikulia.

Sharti lilikuwa moja. Wanawake wangu warefushwe. Kidogo tu, alisema, ili nguo zipumue. Jibu alilitaka leo.

Nikajaribu. Nilichukua mchoro wa Mama Furaha, Mrundi anayeuza vitenge, mwanakwaya mwenye sauti inayotikisa vioo, ambaye tulikuwa tunamshonea gauni la Jumapili. Nikamchora upya juzi, vichwa tisa. Mkono ulikumbuka kila kitu. Alitoka mrembo, mwembamba kama mwanzi, nikamwacha mezani rangi ikauke, nikaenda zangu mtaa wa Point kumpelekea mteja mzigo wake.

Jospin akaingia, akaona mchoro mpya wa Mama Furaha, akadhani nimeurekebisha. Akahesabu vichwa. Akakata.

Leo mchana Mama Furaha amekuja kujaribu. Ametoka nyuma ya pazia akiwa ameshika gauni kwa mikono miwili asije akaanguka. Marinda yaliyotakiwa kuanzia magotini yalikuwa yanaanzia karibu na vifundo vya miguu, na mengine yote yalikuwa sakafuni yakifagia vipande vya nyuzi. Mifuko ilikuwa katikati ya mapaja. Alijaribu kutia mkono kwenye mmoja ikabidi ainame.

Jospin hakuelewa. Alishika futi, akapima, akarudi kwenye mchoro, akahesabu tena kwa kidole. Uso wake ulinikata maini, maana alikuwa anatafuta kosa lake na kosa halikuwa lake.

"Nilifwata dessin yako, mama," aliniambia taratibu, kidole bado juu ya mchoro. "Dessin yako haikunidanganyaka hata siku moja."

Nikamweleza kila kitu. Kopenhagen, Lene, madirisha, vichwa tisa. Mama Furaha alikuwa amesimama pale pale ndani ya gauni la mtu mwingine, anasikiliza. Akaomba aone mchoro. Aliuangalia kwa muda, nikasubiri acheke, kwa sababu yeye ni mtu wa kucheka. Hakucheka.

"Huyu mutu mi simujue," alisema. "Miye niko mufupi, niko na tumbo, nimezala watoto ine. Unanificha juu ya nini?"

Kwa nini, kweli? Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi hapa nilikuwa nauficha uchi ambao mwenyewe hata hauonei haya.

Alipoondoka niliketi nikamwandikia Lene. Kidenishi changu kikiwa na hasira huwa kifupi na safi. Nilimwambia magauni nitampa, michoro nitampa, ila wanawake watabaki na urefu waliopewa na Mungu. Nikambandikia mchoro wa kwanza wa Mama Furaha, ule wa kweli. Bado nilikuwa na matumaini. Niseme ukweli, nilidhani ataona.

Alijibu upesi, kwa adabu zote. Alisema ananielewa kabisa na anaheshimu msimamo wangu. Nisijisumbue hata kidogo. Niwatumie tu michoro kama ilivyo, watawavuta wenyewe hukohuko.

Watawavuta wenyewe.

Nilisoma mstari huo nikaona kila mmoja wao. Mama Furaha. Neema wa saluni mwenye mabega kama ya mchukuzi. Bi Zuhura wa Kigoma ambaye mguu wake mmoja ni mfupi na alinitazama usoni akaniambia nisiusahau. Walisimama mbele yangu wakijua nitakaowachora ni wao. Nani alinipa ruhusa ya kuwakabidhi kwa watu watakaowashika kichwani na miguuni na kuwavuta?

Nikamjibu hapana. Hapana magauni, hapana michoro, hapana jina shingoni. Nikaongeza kwamba kama wanamtaka yule mrefu, wanaye tayari, nimewaachia wa kuwatosha.

Sasa imeshatoka na hairudi. Najua nilichokiacha. Milango kama ile haigongwi mara ya tatu, na mbunifu wa Kopenhagen niliyekuwa leo nimemzika mwenyewe. Naogopa, naam. Ila mara ya kwanza wao ndio walionitoa, na leo nimetoka kwa miguu yangu, na tofauti hiyo naisikia mwilini kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Nilimwambia Jospin tumepoteza kazi kubwa. Alikuwa anafumua marinda, hakuinua kichwa. Aliuliza kama sasa michoro itarudi kuwa ya kweli. Nikasema itarudi.

"Sharp," alisema, kama watu wa hapa wasemavyo sawa, akaendelea kufumua.

Kitenge kilichobaki kinatosha, tumepima. Mama Furaha anarudi kesho asubuhi na Jumapili ataimba amevaa nguo yake. Chuoni walitufundisha kuanza na kichwa, kisha shingo, kisha tushuke. Kesho atakaposimama mbele yangu nimchore tena, nitaanza na tumbo.