Wimbo Ambao Sikuusikia Muzima

Kahindo mujukuu wangu,

Barua yako ya Kampala ilifika, tukaisoma bote hapa kwetu Beu. Mama yako iko muzima, anauza maharagi ku soko. Mimi ni magoti tu yananiuma.

Unaomba ule wimbo wa Kinande, luga yetu, wa chorale yetu, kwaya ya zamani ya kanisa, vijana ba kanisa lenu ba makabila mengi bauimbe. Mutoto, siwezi kuutuma.

Tuliutunga sisi wenyewe, tulichoka na nyimbo za kutafsiriwa. Noeli ilikaribia, na chorale ya Kimemi, kule Butembo, ilikuwa inakuja kushindana na sisi. Mwalimu wetu akaogopa. "Hapana andika kitu ku cahier, ku daftari," akasema. "Kila sauti ifanye répétition, mazoezi yake, peke yake. Bale ba Kimemi banaiba nyimbo." Soprano bakajifunza yao, sisi alto yetu. Tungeziunganisha juma ya mwisho.

Vita ikafika mbele ile juma haijafika. Mambo yake sitaandika. Mwalimu hakubaki, wala soprano hata mumoja.

Leo ningefurahi sana kama bale ba Kimemi bangeuiba. Wewe ukitunga wako, ufundishe kila mutu, hata wa kushindana naye.

Mimi niko na alto tu. Kuna mahali alto inanyamaza ili soprano baingie. Nikiosha sahani naimba, nafika pale, nanyamaza, nangojea.

Mungu akuchunge.

Koko yako